Matanga ya Heritier

Masinde alikuwa msemaji, na ubaya ni kwamba alijijua. Ofisini kwake Nakasero, alikokagua madai ya bima za magari, hakuna aliyemjua kwa lolote: Mkenya mmoja mpole kutoka Bungoma, shati limepigwa pasi, chai bila sukari. Lakini Jumamosi mchana, kwenye baraza ya rafiki yake Anena kule Ntinda, mtu huyohuyo alikuwa mfalme, mchawi, muuza ngamia, joka lenye kikohozi, na hata upepo. Alipovuma kama upepo watu wazima walijifunika kanga mabegani, jua la saa tisa likiwaka.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa, ingawa jirani mmoja wa Anena aliwahi kuapa kwamba ni uganga. Watu wanaketi mezani. Kila mmoja anajibunia shujaa wake, anampa jina, tabia na silaha, na tangu hapo anasema na kutenda kwa niaba yake. Mmoja wao ni msimulizi, ndiye mwenye dunia yote kichwani: anaeleza wamefika wapi, wanaona nini, nani anawavizia. Shujaa akitaka kufanya jambo la hatari, inarushwa dadu yenye pande ishirini, na namba inayotokea ndiyo inayoamua. Mengine yote ni maneno, na kwa maneno Masinde hakuwa na mpinzani.

Kuna mambo mawili aliyojivunia kupita kiasi. La kwanza, hakuficha dadu. Wasimulizi wengine hujikinga na kipande cha kadibodi, wakarusha dadu nyuma yake, na wakimwonea mtu huruma wanadanganya namba. Masinde aliita huo ulaghai. Yeye alirusha katikati ya meza, kila mtu akiona, na kilichotoka ndicho kilichokuwa. La pili lilikuwa matanga. Shujaa akifa, mchezo ulisimama, watu wakainua soda zao, na kila mmoja akasema neno juu ya marehemu kwa sauti ya mazishini kabisa. Kadiri neno lilivyokuwa la uongo ndivyo lilivyopigiwa makofi. Shujaa wa kwanza wa mwenzao Moreen, mwizi aliyewahi kuvua maiti viatu, alisifiwa pale barazani kama mzee wa kanisa, na Moreen mwenyewe alicheka hadi akakohoa. Wote walikubaliana kwamba matanga ndiyo yaliyoifanya meza yao isifanane na nyingine.

Blandine aliletwa na Augustin. Augustin alikuwa fundi simu, Mkongomani, mpole wa kuudhi, na wawili hao waliimba kwaya moja. Blandine alishona nguo katika kibanda nyuma ya soko la Ntinda. Siku ya kwanza aliketi na mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari, akajibu kila kitu kwa neno mojamoja. Alipoulizwa shujaa wake anaitwa nani, akasema bila kufikiri: Heritier. Moreen, aliyeuza vifaa vya hospitali na hakuwa na haya ya kuuliza, akataka kujua kama ni mwanaume. Ni mwanaume, akasema Blandine. Anabeba mkuki, analinda wasafiri njiani, na anaogopa mbwa.

Basi pale ndipo wakagundua wamempata mchezaji. Wengine wote, tuseme ukweli, walicheza mashujaa waliokuwa ni wao wenyewe wakiwa wamevaa upanga. Blandine alitoweka kabisa. Aliyebaki kwenye kiti alikuwa kijana wa kiume anayecheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe, anayeguna wimbo puani akiwa anafikiri, asiyeweza kumpita mzee bila kumbebea mzigo. Kadiri miezi ilivyokwenda, kijana huyo alikua. Alifuga ndevu. Alichumbia binti wa mfua chuma katika mji wa tatu, akamwoa, na Anena akapika pilau kweli kwa ajili ya harusi hiyo ya uongo. Siku moja Blandine akatangaza kwamba Heritier ameanza kuota kipara, na akaonekana kufurahi sana.

Masinde alikuja kujua sababu baadaye, jikoni kwa Anena, akiosha sahani na Augustin. Augustin alisema kwa sauti ya chini, mikono ikiwa majini. Heritier alikuwa kaka yake Blandine, kaka wa damu. Siku walipokimbia vita kule kwao, upande wa Rutshuru, walikuwa wameshafika barabarani Heritier alipomsikia bibi mmoja jirani akiita nyuma yao. Akamwambia mama yake, nendeni, nitawakuta mbele. Akarudi. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hawakumwona tena, wala kusikia habari yake, iwe nzuri au mbaya. Mama yao alikataa matanga. Mpaka leo, kanisani, watu wanapotoa majina ya kuombewa, mama huyo halitoi jina la mwanawe pamoja na ya marehemu. Hulitoa pamoja na ya walio safarini.

Kisha Augustin akasema, huku akikausha kisahani kilichokuwa kimeshakauka, kwamba Masinde awe mwangalifu asije akapagusa pale. Masinde akasema amesikia.

Alisikia kweli, na hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Kama asingesikia, tungemsamehe sote na kwenda zetu. Lakini alisikia, akaenda nalo nyumbani, na halikumtoka kichwani.

Ni kwamba wiki zile meza ilikuwa imelegea. Moreen alikuwa ameanza kuchungulia simu katikati ya vita. Anena aliinuka kila mara kuangalia maharage. Masinde, aliyezoea watu kushika kingo za viti, aliumia kuliko alivyokuwa tayari kukubali. Alitaka Jumamosi moja ambayo wangeikumbuka. Alitaka, kwa kweli, mtu alie. Alishasikia kuna wasimulizi wanaoweza kuliza meza nzima, na yeye alikuwa hajawahi kumliza hata mtu mmoja.

Hakuwa na nia mbaya, wala sisemi hivyo. Alijiambia kwamba atampa Blandine zawadi. Atamweka Heritier njiani, akikimbia pamoja na wenzake, na nyuma yao bibi kizee ataita. Safari hii Heritier atarudi, atambeba bibi, na atatoka salama. Itakuwa dawa, alijiambia Masinde, na wazo hilo lilimpendeza mno hata asijiulize ni nani aliyemwomba dawa.

Jumamosi hiyo alikuwa moto. Hata leo Moreen anakiri kwamba hajawahi kuona kitu kama kile. Mji uliungua nyuma yao. Masinde hakusema mji unaungua. Alisema mnanusa mikeka inaungua, na Anena akasahau maharage yake. Aliwauliza kila mmoja shujaa wake amebeba nini mkononi wakati wa kukimbia, akangoja jibu, na kila jibu akalitumia. Alishusha sauti hadi ikabidi wainame kumsikia. Simu ya Moreen ililia ikazimwa bila kutazamwa. Wakafika kwenye daraja la kamba, refu, mbao zake zimeoza, na mmoja baada ya mwingine wakarushiwa dadu wakavuka: Moreen, Augustin, Anena. Heritier alikuwa wa mwisho, kama kawaida yake, akilinda nyuma.

Hapo Masinde akatoa sauti ya bibi kizee. Aliitoa vizuri, nyembamba, imechoka, ikiita kutoka ng'ambo ya moshi: mjukuu wangu, mnaniacha?

Augustin aliinua kichwa na kumtazama Masinde. Masinde hakumtazama.

Blandine akasema, kwa sauti ya Heritier, waambieni waendelee, nitawakuta mbele. Hakuna aliyemfundisha maneno hayo pale mezani. Akarudi motoni, akampata bibi, akambeba mgongoni. Masinde alimpitisha salama kote huko, kila dadu ikimpendelea, na moyoni akawa anajipongeza. Wakafika tena darajani, Heritier na mzigo wake. Kilichobaki ni kuvuka tu.

Blandine alikuwa analia. Alilia na kutabasamu pamoja, mikono imeshika ukingo wa meza. Anena alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na Masinde aliona kwamba amelipata lile alilolitaka. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Yeye akaokota dadu.

Aliwaambia namba ya kuvukia ni sita kwenda juu, jambo jepesi, karibu halina hatari. Dadu ilikuwa tayari mkononi mwa Masinde pale Blandine aliposema, si kwa sauti ya Heritier tena, kwa yake mwenyewe, akimwita kaka kwa Kiswahili cha kwao:

"Yaya Masinde, usitupe dadu. Sema tu amefika."

Angeweza. Msimulizi ndiye mwenye dunia. Akisema mvua, inanyesha. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama, na alikuwa ameshasema mara nyingi mno kwamba mezani kwake hakuna upendeleo. Alifikiri pia, na hili ndilo linalomsumbua zaidi leo, kwamba furaha ya kuvuka ingekuwa kubwa zaidi kama ingekuwa ya haki. Akamwambia Blandine kwa upole kwamba dadu ni dadu. Akarusha.

Ikatoka tatu.

Mwalimu wa hisabati angeweza kukueleza kwamba hilo halikuwa jambo la ajabu. Masinde aliitazama ile tatu na bado alikuwa na nafasi. Angeweza kusema kamba imekatika lakini mkono umeshika ubao. Angeweza kuirudia. Badala yake mdomo wake, uliozoea kazi, uliendelea wenyewe. Ulisema ubao umevunjika. Ulisema kamba imepinduka. Ulisema Heritier amemsukuma bibi mikononi mwa wenzake na yeye akaanguka. Ulisema vizuri sana.

Baada ya hapo ndipo likaja kosa ambalo mtu wa meza nyingine yoyote asingelifanya. Masinde aliinua soda yake. Mazoea tu, kama vile mtu anavyojikuta amefika mlangoni pa nyumba aliyoihama. Moreen, ambaye hakuwa anajua lolote la Rutshuru na ambaye machozi yake mwenyewe yalimwaibisha, alishukuru kupata kitu cha kuchekesha. Akasimama, akakohoa kama katibu wa mazishi, akasema marehemu alikuwa mume mwema, mkwe mwema, na kwamba mbwa wote wa nchi hii leo wanasherehekea. Anena akacheka. Hata Masinde alicheka, kidogo.

Augustin alisema jina la Blandine, lakini alikuwa amechelewa. Blandine alikuwa ameshasimama na mkoba wake.

Hakupaza sauti. Alisema, "Sisi hatujafanya matanga yake. Mama alikataa. Mama anasema mutu hatujaona maiti yake, tutamulilia namna gani? Sasa nyinyi munamulilia, na soda mukononi."

Akaaga vizuri, akamshukuru Anena kwa chakula, akashuka ngazi. Moreen alikuwa bado amesimama na chupa yake, akigeuza macho kutoka kwa huyu hadi kwa yule, akiuliza ni nini, amesema nini. Augustin ndiye aliyemweleza. Alieleza yote, pamoja na mazungumzo ya jikoni, na alipofika hapo Anena na Moreen wote wawili waligeuka wakamwangalia Masinde. Augustin alikusanya chupa akazipeleka jikoni, akaondoka bila kumpa mkono.

Siku zilizofuata Masinde hakulala vizuri. Alipiga simu, Blandine hakupokea. Alituma ujumbe mrefu, akaona una maneno mazuri mno, akaona haya. Ofisini alisoma madai ya watu waliogongana na kila dereva aliandika kwamba hakukusudia. Alikuwa akizisoma kauli hizo kwa miaka na kuzicheka. Alijaribu kujitetea kichwani kwamba hata yeye hakukusudia, na utetezi haukupita hata mlangoni. Alikuwa ameambiwa. Alikuwa ameombwa. Kitu chenyewe alichoombwa kilikuwa neno moja, naye maneno ndiyo aliyokuwa nayo kwa wingi kuliko kitu chochote.

Mwishowe akapata alichodhani ni ufumbuzi, na kwa hilo mjue jinsi mtu anavyoweza kujuta sana na bado asielewe. Katika mchezo ule kuna njia za kumfufua shujaa. Kuna mahekalu, kuna dawa, kuna miungu wa kubembelezwa. Masinde alipanga safari nzima: wenzake watashuka kuzimu, watampata Heritier, watamrudisha kwa mke wake. Hakutakuwa na dadu hata moja. Alimweleza Augustin kwa simu. Augustin akasema kama anataka kwenda kwa Blandine aende, lakini yeye hatamsindikiza.

Akaenda Alhamisi mchana, akitoka kazini mapema. Kibanda cha Blandine kilikuwa na cherehani mbili na vitenge vimening'inia hadi mlangoni. Mwenyewe alikuwa akipinda gauni la mtu. Alimkaribisha kiti, akamwuliza habari za kazi, akamwuliza kama amekula. Ukarimu huo ulimwia Masinde vigumu kuliko matusi. Aliomba msamaha kwanza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba kwa kifupi: nilijua, Augustin aliniambia, na nilifanya hata hivyo. Blandine aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Cherehani iliendelea kidogo, ikasimama.

Ndipo akamweleza habari ya kumrudisha Heritier. Alipoanza kueleza ule uzuri wa mpango aliisikia sauti yake ikipanda, ikichangamka, akaishusha kwa aibu. Blandine alisikiliza hadi mwisho.

"Kama leo unaweza kumurudisha," akasema, "ile siku ungesema tu amefika."

Nje mtu alikuwa akibembeleza bei ya ndizi kwa Kiganda, taratibu, bila haraka yoyote.

Blandine alisema hakasiriki tena. Mama yake hajui, na hatajua; Jumapili jina limetolewa pamoja na ya wasafiri kama siku zote, na yeye Blandine amesema amina. Lakini kuna kitu kimoja, akasema, na akaliacha gauni mapajani.

"Miaka yote hatukujua ni wapi. Nilikuwa nikimufikiria, namuona anatembea tu, iko njiani. Kwa meza yenu alikuwa anazeeka, na mimi nilifurahi. Sasa nikifunga macho namuona kwa ile daraja yako. Ni pale tu. Siwezi tena kumuona fasi ingine."

Masinde aliinamisha kichwa. Alitaka kulia na akaona hana haki.

"Nilitaka kukuuliza," akasema Blandine. "Ulisema alianguka. Hukusema chini kulikuwa nini."

Ilikuwa kweli. Hakusema. Wala hakuwa amefikiria. Alipanga daraja na moto na bibi kizee, na chini ya daraja hakuweka kitu, kwa sababu hakutegemea mtu afike huko. Alimtazama Blandine usoni, akaona kwamba hamtegi. Alikuwa anauliza kwa sababu yeye ndiye pekee aliyeweza kujua.

"Maji," akasema Masinde.

"Ya baridi?"

"Hapana. Si ya baridi."

"Na mawe?"

"Hakuna mawe. Ni mchanga."

Blandine akawaza hilo kwa muda, midomo ikichezacheza kana kwamba analipima. Kisha akavuta gauni tena chini ya sindano, akatafuta mahali alipoishia, na akaendelea kushona. Masinde alibaki pale kwenye kiti alichokaribishwa, akingoja kama ana swali jingine.